Uhuru wa Mtu na Mipaka ya Serikali: Mafunzo Kutoka Jimbo la New Mexico

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa hapa ili yasomwe kwa sauti na kujadiliwa katika kila kikundi.)



 Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala mizinga ya nyuki. Tutazungumza juu ya serikali: kazi yake ni ipi, mwisho wake ni wapi, na mwananchi mmoja mmoja ana haki gani ambayo serikali haina ruhusa kuigusa.

Mtauliza, jambo hili linatuhusu nini sisi watu wa vikundi? Linawahusu sana. Kikundi kikichimba kisima bila kungojea mtu, hapo kimesema: "Sisi tunaweza wenyewe." Baada ya wiki mbili kikundi hicho hicho kinaandika barua kuomba daktari wa mifugo, barabara na stima. Hapo kimesema: "Serikali, usituache." Maneno hayo yote mawili ni ya kweli, na yanatoka katika kinywa kimoja. Kazi ni kujua lipi lisemwe wapi.

Wakati wa kura wagombea hawatusaidii katika hilo. Mmoja anasema serikali itafanya kila kitu. Mwingine anasema serikali ndiyo shida, ipunguzwe, ituachie pesa zetu na maisha yetu. Asiye na kipimo hupiga makofi kwa wote wawili, halafu anarudi nyumbani.

Basi leo tutamtazama mtu mmoja aliyesema hilo la pili, na ambaye alipewa kweli jimbo la kutawala kwa miaka 8. Tumechukua mfano wa mbali, Marekani, kwa makusudi. Hakuna hata mmoja wetu aliye wa chama chake, wala wa ukoo wake. Tunaweza kumpima bila kukasirikiana.

MTU MWENYEWE

Jina lake ni Gary Johnson, aliyezaliwa mwaka 1953. Mwaka 1976 alianzisha kazi ya ufundi mdogo katika mji wa Albuquerque, jimbo la New Mexico, akitengeneza nyumba za watu. Kazi hiyo ilikua ikawa kampuni kubwa ya ujenzi. Mwaka 1994 aligombea ugavana wa jimbo kwa tikiti ya chama cha Republican. Hakuwa amewahi kushika cheo chochote cha kuchaguliwa, lakini alimshinda gavana aliyekuwa kitini. Alichaguliwa tena mwaka 1998, na alitoka mwanzoni mwa 2003 kwa sababu sheria haikumruhusu kipindi cha tatu mfululizo.

Baadaye alihamia chama cha Libertarian, akawa mgombea urais wa chama hicho mara mbili, mwaka 2012 na 2016. Hicho ni chama kidogo kilichoanzishwa mwaka 1971. Imani yake kwa ufupi ni hii: mtu mzima ni mwenye nafsi yake na mwenye mali yake. Serikali iko kwa ajili ya kumlinda asipigwe, asiibiwe, asidanganywe. Zaidi ya hapo, ikae mbali. Kwa hiyo katika mambo ya kodi na biashara watu hawa husikika kama Republican, na katika mambo ya maisha ya mtu binafsi mara nyingi husikika kama Democrat. Vyama vile viwili vikubwa vyote huwaona kuwa watu wagumu kuelewana nao.

JIMBO SI KAUNTI

Tusije tukachanganya mambo. Marekani ina majimbo 50. New Mexico lilikuwa jimbo mwaka 1912, na makao yake makuu ni mji wa Santa Fe. Kwa ukubwa wa ardhi linazidi nusu ya Kenya, lakini mwaka 1990 lilikuwa na watu milioni moja na nusu hivi tu. Jimbo lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake, kodi zake, sheria zake za makosa ya jinai na magereza yake. Kaunti zetu 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, zina gavana na bunge lake dogo, lakini hazina mahakama wala magereza yao wenyewe. Kwa hiyo gavana wa kule ana mamlaka mazito kuliko gavana wa hapa.

Tena katiba ya Marekani iliongezewa kifungu mwaka 1791, kile cha kumi, kinachosema kwamba madaraka ambayo serikali kuu haikupewa, na ambayo majimbo hayakukatazwa, ni ya majimbo au ya wananchi wenyewe. Kifungu hicho ndicho watu kama Johnson hukishika mkononi kila wanaposimama kuzungumza.

GAVANA WA KUKATAA

Johnson alipoingia ofisini alifanya jambo moja lililomjulisha nchi nzima. Alikataa kutia sahihi. Bunge likipitisha mswada, gavana ana haki ya kuurudisha. Mwaka wake wa kwanza, 1995, alirudisha karibu nusu ya miswada yote iliyomfikia. Kwa miaka 8 alirudisha zaidi ya 700. Watu wakampa jina la Gavana Veto, yaani gavana wa kukataa. Tena alikuwa akipita ndani ya bajeti na kufuta kifungu hiki na kile cha matumizi.

Hoja yake ilikuwa kwamba kila sheria mpya inagharimu pesa na inapunguza kidogo uhuru wa mtu. Kwa hiyo kabla ya kuipitisha lazima uulize: inagharimu kiasi gani, na faida yake ni ipi? Faida isipoonekana wazi, wacha. Na tuseme kweli, hoja hiyo ina uzito. Ninyi mnajua kikundi kinachotunga kanuni mpya kila mkutano. Mwisho hakuna anayezikumbuka, na mweka hazina anazitumia tu kwa yule asiyempenda.

Lakini kukataa nako kuna mpaka. Bunge la New Mexico lilikuwa na maseneta 42 na wawakilishi 70, na watu hao hawakulipwa mshahara. Walipata posho ya siku za kikao tu, halafu walirudi kwenye kazi zao. Thuluthi mbili zao wakikubaliana, wangeweza kupitisha mswada bila sahihi ya gavana. Mara nyingi hawakufikia idadi hiyo. Lakini mwaka 2002, baada ya Johnson kukataa bajeti, walijiita wenyewe katika kikao cha dharura na wakaipitisha juu ya kichwa chake.

NA YEYE PIA ALIWEKEWA MPAKA

Hapa ndipo tunataka msikilize kwa makini, kwa sababu somo kubwa liko hapa.

Mapema mwaka 1995 Johnson alitia sahihi mapatano na makabila ya wenyeji wa asili wa jimbo lile, wakiwemo Wapueblo, ili waendeshe nyumba za kamari katika ardhi zao. Kwa maoni yake, watu wale walikuwa na haki ya kufanya biashara kwao. Lakini alitia sahihi peke yake. Kesi ikapelekwa mbele ya Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwaka ule ule majaji wakasema: gavana hana uwezo wa kulifunga jimbo zima kwa mapatano kama hayo bila bunge. Ikabidi kungojea mpaka 1997, bunge lilipopitisha sheria ya kuyaruhusu.

Jambo la pili. Mwaka 1996 serikali kuu ya Washington ilibadilisha utaratibu wa kusaidia familia maskini, na ikayapa majimbo nafasi kubwa ya kujipangia. Bunge la New Mexico likatunga mpango wake mwaka 1997. Johnson akaukataa. Kisha akaanza kutumia mpango wake mwenyewe kwa amri za ofisi. Mahakama ikamwambia tena: hapana. Kukataa mswada ni haki yako. Kutunga sheria mahali pa ule ulioukataa si haki yako.

Ndugu zetu, fikirini jambo hilo. Huyu ni mtu aliyehubiri kila siku kwamba serikali iwe na mipaka. Hatusemi alikuwa mwongo. Tunaamini alimaanisha alivyosema. Lakini alipoona njia yake ni nzuri, alitaka kupita mpaka. Ndivyo mtu alivyo. Mwenyekiti mwema naye husema, "Mimi najua kinachowafaa, hakuna haja ya kuita mkutano." Kumpenda kiongozi anayesema juu ya mipaka hakutoshi. Lazima pawe na mtu mwingine, mwenye nguvu za kweli, anayeushika huo mpaka.

GEREZA LIKIPEWA KAMPUNI

Sasa tutazame kazi za serikali alizotaka ziende mikononi mwa watu binafsi.

Magereza ya New Mexico yalikuwa yamejaa. Johnson aliona kwamba kampuni za biashara zingeweza kujenga na kuendesha magereza haraka na kwa gharama ndogo kuliko serikali. Gereza moja lilifunguliwa Hobbs mwaka 1998, na jingine Santa Rosa mwaka 1999, yote yakiendeshwa na kampuni. Kabla mwaka haujaisha, wafungwa kadhaa walikuwa wameuawa ndani ya magereza hayo mawili. Tarehe 31 Agosti 1999 paliingia ghasia kule Santa Rosa, na askari mmoja wa gereza akauawa. Wafungwa zaidi ya 100 walihamishiwa jimbo la mbali la Virginia. Johnson aliendelea kutetea mpango ule.

Tuwe waangalifu. Magereza ya serikali nayo yamewahi kuwa na mauaji. Mwaka 1980, gereza la serikali karibu na Santa Fe lilipata ghasia zilizoua wafungwa 33, na wakati huo hakukuwa na kampuni. Kwa hiyo hatuwezi kusema ati kampuni ni mbaya na serikali ni nzuri. Tunachosema ni hiki: kumfungia mtu ni kazi ya kumnyima uhuru wake wote. Mwenye kuipewa lazima achungwe sana, awe askari wa serikali au mwajiriwa wa kampuni. Mkataba ukisaini na kwenda zako, hujapunguza nguvu inayomkalia yule mfungwa. Umeisogeza tu mahali ambapo ni vigumu zaidi kuiona.

SHULE, NA PESA KUMFUATA MTOTO

Katika kipindi chake cha pili Johnson alipigania jambo jingine. Alitaka serikali impe mzazi hati ya karo, na mzazi aipeleke shule yoyote anayoitaka, ya umma au ya binafsi. Alisema maskini naye apate kuchagua kama tajiri anavyochagua, na kwamba shule ikijua watoto wanaweza kuondoka itajitahidi. Bunge lilikataa. Wapinzani walisema pesa zitatoka katika shule za umma, na watoto watakaobaki humo watakuwa wale ambao shule nyingine hazikuwataka, au wale wa vijiji ambako shule ni moja tu.

Hoja hiyo ya mwisho watu wa mashambani wanaielewa bila kufundishwa. Uhuru wa kuchagua kati ya shule tano ni uhuru. Uhuru wa kuchagua mahali penye shule moja ni karatasi tu.

BANGI NA MWILI WA MTU

Mwaka 1999 Johnson alishtua hata chama chake. Alisema hadharani kwamba vita dhidi ya dawa za kulevya vimeshindwa, na kwamba bangi iruhusiwe kisheria na kusimamiwa kama pombe. Wakati huo hakukuwa na kiongozi wa kuchaguliwa mwenye cheo kikubwa kuliko chake, aliye kazini, aliyesema hivyo Marekani. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha pombe miaka mingi, na aliwaambia vijana wasiguse dawa hizo. Hoja yake ilikuwa kwamba anayejidhuru mwenyewe si sawa na anayemdhuru jirani, na kwamba pesa za polisi, mahakama na magereza zinamalizwa na kesi za watu waliojidhuru. Anayeendesha gari akiwa amelewa, huyo aadhibiwe, maana anahatarisha wengine.

Bangi hakuipata akiwa gavana. Lakini mwaka 2001 New Mexico lilikuwa jimbo la kwanza kumlinda kisheria mtu anayempa jirani dawa ya kumzindua alipozidiwa na heroini. Kabla ya hapo mtu wa kawaida aliogopa kushtakiwa kwa kumchoma mwenzake dawa bila kuwa daktari. Hiyo ni sheria iliyopunguza mkono wa serikali, na ilikusudiwa kuokoa watu. Tuihesabu upande wake mwema.

Bangi yenyewe iliruhusiwa kwa watu wazima katika jimbo lile mwaka 2021, miaka 18 na zaidi baada yake kuondoka. Katikati hapo, mwaka 2014, Johnson alikuwa amekubali kuongoza kampuni ya bidhaa za bangi. Hatusemi hilo linaharibu hoja yake ya 1999. Lakini mwananchi mwenye macho atakumbuka kuuliza kila mara: kizuizi kikiondolewa, nani atafungua duka?

Na kuna swali ambalo mama yeyote wa kijiji angemuuliza. Ati mtu anajidhuru mwenyewe tu? Hapa kwetu chang'aa iliruhusiwa kisheria mwaka 2010, kwa masharti. Waulizeni wake na watoto wa mlevi kama anayeumia ni mlevi peke yake. Pia waulizeni kama kumfunga kuliwaletea unga. Majibu yote mawili yasikilizwe.

MAMLAKA YAKIWA KARIBU

Alipogombea urais mwaka 2012, Johnson alitaka kuipunguza serikali kuu yenyewe. Alisema matumizi yake yakatwe kwa asilimia 43. Wizara ya elimu ya Washington ifungwe. Kodi ya mapato iondolewe, badala yake iwe kodi ya mauzo, ambapo katika kila dola 100 unazolipa dukani dola 23 ni za serikali, na kila nyumba irudishiwe kiasi fulani kila mwezi ili maskini asitozwe kwa mahitaji ya lazima. Pesa za matibabu ya wazee na maskini nazo zipunguzwe kwa kiwango kile kile, na zinazobaki wapewe majimbo, kila moja litafute njia yake.

Alipenda kusema kwamba majimbo 50 ni kama mahali 50 pa kufanyia majaribio. Ninyi mngesema mashamba 50 ya maonyesho: litakalofaulu wengine wataliiga, litakaloshindwa wataliepuka. Ni mfano mzuri. Lakini katika shamba la maonyesho kinachokauka ni mahindi. Katika jaribio hili kinachoweza kukauka ni mgonjwa.

Tena kuna historia ya New Mexico yenyewe inayotufundisha kwamba mamlaka kuwa karibu si lazima yawe mema. Katiba ya jimbo lile ilikuwa na maneno yaliyowanyima kura wenyeji wa asili waliokuwa hawalipi kodi, nao walizuiwa kwa maneno hayo. Mwaka 1924 serikali kuu iliwapa wote uraia wa Marekani. Hata hivyo, jimbo liliendelea kuwazuia. Miguel Trujillo, mwalimu aliyetoka kijiji cha Isleta, alitumikia jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili akiwa mwanajeshi wa majini. Aliporudi akaenda kujiandikisha kupiga kura, akakataliwa. Akashtaki. Mwaka 1948 mahakama ya serikali kuu, ikikaa Santa Fe, ilisema katazo lile linavunja katiba ya Marekani.

Basi, nani alikuwa mdhalimu hapo? Jimbo, lile lililo karibu. Nani alimwokoa? Mahakama ya serikali kuu, ile ya mbali. Siku nyingine inaweza kuwa kinyume. Ndiyo maana haki za mtu haziwezi kutegemea umbali wa ofisi. Lazima ziandikwe, na lazima pawe na mahali pa kukimbilia zinapovunjwa.

ALIVYOZOMEWA NA WATU WAKE

Mwezi wa Mei 2016 chama cha Libertarian kilikutana Orlando, Florida, kuchagua mgombea. Wagombea waliulizwa kama serikali inapaswa kumtaka mtu awe na leseni ya udereva. Wengine walisema hapana, na ukumbi ukashangilia. Johnson akajibu kwamba angependa mtu aonyeshe kwanza kuwa anaweza kuendesha gari. Akazomewa. Waliulizwa pia kama wangetia sahihi Sheria ya Haki za Raia ya 1964, ile iliyokataza hoteli, mikahawa na waajiri kuwabagua watu weusi. Johnson akasema ndiyo, angetia sahihi. Akazomewa tena.

Kesho yake, katika kura ya raundi ya pili, walimchagua yeye.

Waliomzomea hawakuwa wendawazimu. Walikuwa wamefuata kanuni yao mpaka mwisho: kama mali ni ya mtu, basi serikali isimwambie nani aingie mkahawani mwake. Lakini Johnson alikuwa amewahi kutawala. Alijua kwamba barabara inatumiwa na watu wengi, na kwamba kuna wakati watu wa mji mzima wakifunga milango yao kwa jamii moja, wale waliofungiwa hawana uhuru wowote uliobaki, ingawa hakuna askari aliyewagusa. Ninyi mnaopanda matatu na bodaboda hamhitaji kuelezwa juu ya leseni.

Katika uchaguzi wa Novemba mwaka ule alipata kura karibu milioni 4 na nusu, asilimia 3 na kidogo za nchi nzima, nyingi kuliko mgombea yeyote wa chama chake kabla yake. Katika New Mexico, waliomjua alivyotawala, alipata zaidi ya asilimia 9. Hawakuwa wengi wa kumpa ushindi, lakini walizidi mara mbili kiwango cha nchi nzima.

VIPIMO VITATU VYA KUBEBA NYUMBANI

Hatukuja kuwaambia kwamba Johnson alikuwa mwema au mbaya. Tumekuja kuwapa vipimo. Mgombea yeyote akija kwenu na kusema serikali iondoke hapa au pale, mpimeni hivi.

Kwanza: serikali ikiondoka, nani ataishika kazi hiyo? Kazi nyingine ikiachwa, watu wenyewe wataifanya vizuri zaidi, kama ninyi na visima vyenu. Nyingine itashikwa na mwenye pesa. Nyingine haitashikwa na mtu yeyote.

Pili: huyo atakayeishika atachungwa na nani? Kampuni, kamati, chifu, gavana, wote ni watu. Kama hakuna daftari linaloweza kufunguliwa na mwanachama wa kawaida, hapo hapana uhuru, pamebadilishwa bwana tu.

Tatu: uhuru huu utamfikia yule wa mwisho? Usiwaulize wenye shule tano. Muulize wa shule moja. Usimuulize mwenye mkahawa peke yake. Muulize na yule aliyesimama mlangoni akaambiwa hapana.

Na yule mwingine, anayesema serikali itafanya kila kitu, msimwache aende bure. Muulizeni maneno aliyouliza Johnson kila mswada ulipofika mezani kwake: inagharimu kiasi gani, faida ni nini, na inachukua uhuru gani wa mtu? Swali hilo ni zuri, hata kama hamkubaliani na majibu yake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Tajeni kazi tatu ambazo kikundi chenu hufanya vizuri kuliko serikali. Kwa nini mnafaulu?

2. Tajeni kazi moja ambayo mngeogopa sana serikali ikiiacha. Mnaogopa nani ataichukua?

3. Je, katiba ya kikundi chenu ina mahali panapomzuia mwenyekiti? Imewahi kutumika?

4. Mwanachama mmoja akinyimwa haki yake na kikundi, anaweza kwenda kulalamika wapi?

5. Mahakama ilimzuia Johnson mara mbili, hata alipodhani anafanya jema. Mnaona mahakama ilifanya sawa? Toeni sababu.

Kikundi kitakachojadili maswali haya kiandike majibu yake kwa ufupi na kuyaleta katika mkutano ujao wa viongozi, ili tusikie wengine wanaonaje. Msiogope kutofautiana. Tunawatakia kazi njema.